Bakari na Mtia Makaa

Dada Somoe,

Bakari amekufa. Alikufa Jumatano, hospitali, Lindi, adhuhuri haijaadhiniwa. Tukamzika kwao Mchinga siku hiyohiyo.

Shikamoo. Nimeanza na kifo kwa sababu ningeanza na salamu ungeziruka, ungetafuta huko chini kuna nini. Nakujua. Sasa umeshajua, tusalimiane. Mie mzima. Mgongo unauma, lakini huo si habari. Wewe je? Masikio yamefunguka hata kidogo au ndio vilevile? Mikorosho imetoa maua? Simu nimeacha kupiga, maana kila nikipiga anapokea yule binti wa jirani, namwambia muulize dada hili, ananijibu "bibi anasema sawa." Siku ile nimemwambia nina homa, bibi anasema sawa. Ndio maana naandika. Mwandiko utauvumilia, wewe ndiye uliyenifundisha.

Bakari unamkumbuka. Yule mrefu niliyekuja naye kwenye msiba wa Zuhura, akakupasulia kuni zako zote bila kuambiwa, ukaniuliza huyu mtu au msumeno. Huyo. Tumelala chumba kimoja hapa kambini Kilwa tangu kabla ya msiba mpaka juzi. Kazi ni ileile ya chumvi. Tunaingiza maji ya bahari kwenye mabwawa, jua linayakausha, sie tunakwangua, tunabeba. Tunaanza alfajiri. Jua likikaza tunapumzika kwenye banda la bati mpaka alasiri. Huo muda wa katikati ndio mbaya. Zuhura alipokuwa hai nilikuwa nalala. Tangu afariki usingizi wa mchana sina. Nilikuwa nakaa naangalia maji yanakauka. Bakari anakaa na mimi, anaangalia maji hayohayo, hasemi kitu. Hakuniambia nioe mwingine, hakuniambia nivumilie. Alikaa tu.

Sasa nikueleze kitabu. Bila kitabu hutaelewa alivyokufa.

Kitabu kilikuja kuchomwa. Kuna Mhindi wa duka kule Masoko alikuwa anasafisha stoo, akampa mpishi wetu, Bi Fatu, boksi la makaratasi ya kuwashia moto. Bi Fatu kachana magazeti, kachana kalenda, kafika kwenye kitabu. Jalada hakina. Ndani nikaona picha ya chombo cha chuma, kama pipa kubwa, kinapaa juu kinatoa moshi.

Nikamwambia, "Hicho niachie."

"Kwani wewe unajua kusoma?"

"Najua."

"Tangu lini?"

Nikakaa nacho bandani. Dada, mie kitabu kizima sijawahi kusoma. Darasa la nne, basi. Baada ya hapo nimesoma magunia na mabango ya barabarani. Hiki ni hadithi ya zamani ya Wazungu, imewekwa kwa Kiswahili kile kigumu cha shule. Nikawa nasoma kwa kidole, kwa sauti, maana kimyakimya siwezi, maneno yananipotea. Bakari akasogea. Baadaye wakasogea na wengine.

Ni hivi. Profesa katengeneza chombo cha kwenda kwenye nyota. Ndani kapanda yeye, daktari, bwana mmoja mkubwa na binti yake, na mtia makaa. Chombo chenyewe kinaendeshwa na moto, kama garimoshi la zamani. Wale wengine wako dirishani wanashangaa mwezi. Mtia makaa yuko chini na beleshi lake. Wakafika nchi ambayo jua halizami kabisa.

Bakari akanizuia kwa mkono. "Wanafuturu saa ngapi?"

"Kina nani?"

"Watu wa huko. Ramadhani."

"Sio Waislamu."

"Umejuaje? Bado hata hawajashuka."

Jamaa mmoja wa Somanga, mbishi sana, akasema watafuata saa za Maka. Bakari akamwuliza Maka wataionea wapi kutoka kwenye nyota. Mwingine akasema basi huko funga haipo, Bi Fatu akasema ndio maana wewe unataka kuhamia. Siku hiyo hatukuvuka ukurasa mmoja.

Mie nilikuwa naona aibu kwa kusoma kwangu kwa kuburuta. Nikamwambia Bakari tutafute mtu anayejua. Akakataa. Akasema, "Hivyohivyo taratibu. Anayesoma haraka anaficha kitu."

Tukampenda mtia makaa. Wewe ungempenda. Katika chombo kizima ndiye mtu pekee anayefanya kazi. Na kitu kimoja tulikiona sote. Wengine wote wana majina, tena marefu. Yeye hana. Mtia makaa akasema, mtia makaa akashuka. Mwanzo mpaka mwisho.

Basi kule kwenye nyota ardhi ikatetemeka. Wakakimbilia chombo. Mtia makaa kafika mlangoni, kakumbuka beleshi kaliacha pangoni, karudi kulichukua, maana bila beleshi chombo hakiondoki. Pango likamfunika. Wale wengine wakatia makaa kwa mikono, wakaondoka. Profesa akavua kofia. Daktari akasema amekufa. Sura ikaisha.

Banda zima likanigeukia.

Bi Fatu akauliza, "Wamemwacha?"

"Wamemwacha."

"Hata kumchimbua?"

"Hata."

Akaweka mwiko chini. "Basi asomewe hitma. Mtu hafi hivihivi kama kuku."

Bakari akasema, "Hajafa."

"Daktari kasema kafa."

"Daktari alikuwa dirishani. Nani kaona maiti? Wewe umeona? Mie sijaona. Mtu mzima hasomewi hitma."

Tukamwona anabisha tu. Alhamisi Bi Fatu akapika wali wa nazi na samaki, sisi wenyewe tulitaka, tukamwita mwalimu wa madrasa. Habari za kitabu hatukumwambia. Tulimwambia ni mwenzetu wa kazi kapotea safarini. Uongo uko wapi hapo? Mwalimu akauliza jina la marehemu. Tukaangaliana.

"Mmefanya naye kazi jina hamlijui?"

Yule wa Somanga akajibu, "Tulikuwa tunamwita Mtia Makaa."

Mwalimu akatikisa kichwa. "Haya, Abdallah, mja wa Mungu. Mama yake?"

"Hatumjui."

"Basi mwana wa Hawa. Sote wana wa Hawa."

Akasomewa, Abdallah mwana wa Hawa. Watu wakaitikia amina, wakala wakashiba. Bi Fatu alilia kweli. Bakari alikaa pembeni mikono kaifumbata, sahani hakuigusa. Bakari, dada, mtu anayekula ukoko na sufuria ikiwa ya moto.

Kesho yake nikafungua sura inayofuata. Mstari wa kwanza tu, mtia makaa anafumbua macho. Yuko pangoni, mzima, kalikumbatia beleshi.

Nikasoma mara mbili nikidhani nimekosea.

Bakari akaanza kucheka. Akamgeukia Bi Fatu. "Wali wangu uko wapi?"

"Wali umekwisha."

"Mmekula hitma ya mtu mzima. Tena kwa samaki. Nipikieni wangu."

Alicheka mpaka akashika nguzo, akacheka mpaka akakaa chini. Sisi tunacheka naye. Halafu tukanyamaza, yeye bado yuko chini, lakini sasa hacheki, anatafuta pumzi. Nikamvua mabuti. Miguu imevimba kama mihogo. Nilibonyeza kwa kidole, shimo likabaki palepale. Alikuwa anashinda na mabuti makusudi tusione.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hatujapaa kwenda kwenye nyota."

Zahanati wakasema ni moyo, umechoka, maji yanajaa mwilini, apelekwe Lindi asikae. Bakari akasema haendi. Akasema, "Huko nani atanisomea? Tumalize kwanza, kisha nitakwenda popote mnapotaka." Kitabu kimebaki theluthi nzima, na kwa kidole changu hiyo ni safari ndefu. Nikajaribu maneno mazuri. Unajua maneno mazuri mie sina. Nikakifunga kitabu kwenye shuka yangu, nikakilalia.

Nikamwambia, "Sisomi. Ukipanda lori, nasoma. Usipopanda, namaliza peke yangu na sikwambii."

"Wewe mtu mbaya, Hamisi."

"Ndio."

Akaninunia. Tulikuwa tunalala chumba kimoja kama watu waliopangishwa na watu tofauti. Wenzetu wakaja kunilaumu, mgonjwa hafanyiwi hivyo. Niliona heri aninunie lakini aishi. Kisha asubuhi moja nikamsikia yuko nje anamwuliza msimamizi lori la chumvi linakwenda lini Lindi.

Tulikaa mbele na dereva. Nikafungua kitabu kabla hata hatujatoka getini, ndivyo nilivyomwahidi. Dereva akasema, "Ngoja, ngoja. Huyo mtia makaa ni nani?" Ikabidi Bakari amweleze tangu mwanzo, mpaka njia panda ya Nangurukuru hatujasoma hata mstari. Sikujali. Alikuwa anaongea, na gari linakwenda.

Mchinga tukamchukua mkewe, Bi Mwajuma, na ndoo yake na mkeka. Huyo ni mwanamke wa maneno machache, na yote makali. Alimwangalia mumewe miguu, akaniangalia mie, akaniambia, "Mmenichelewesha." Basi.

Wodini nilisoma kila saa ya kuangalia wagonjwa. Mtia makaa yuko peke yake kule kwenye nyota. Usiku hakuna, siku hazihesabiki. Kazi aliyojipa ni moja, kuwasha moto ili moshi upande juu. Akiwa na njaa anawasha, akiumwa anawasha. Huku duniani profesa anavishwa nishani na kupigiwa makofi. Binti wa yule bwana mkubwa anasema turudi tukamwangalie. Wenzake wanamwambia amekufa, tulivua kofia. Kila nikifika hapo Bakari anasema, "Wapumbavu."

Bi Mwajuma anakuja na vidonge. "Kitabu, kitabu. Dawa hujameza."

"Nimeze dawa na Abdallah yuko peke yake?"

"Abdallah hana mke wa kumsumbua. Fungua mdomo."

Kitanda cha pili alikuwepo mkwezi mmoja, kaanguka mnazi kavunjika mguu. Akasema nipaze sauti, wao wa upande ule hawasikii. Nikapaza. Nesi akaja akasema hapa si darasani. Nikashusha. Kesho yake nesi huyohuyo kaja kupima presha, kainama, ananiuliza polepole, "Jana niliondoka mapema. Alipata maji?"

Dada, nilidhani anapona. Miguu ilipungua. Alikula uji wote. Alianza kumchokoza mkewe. Ndio maana nakwambia sikujiandaa.

Jumatano asubuhi pumzi zikawa fupi. Wakamwekea ile mashine ya hewa, akaitoa mdomoni. Akanishika hapa kwenye kiwiko cha mkono.

"Hamisi. Watamrudia?"

Nilikuwa sijafika. Binti kaanza kuwageuza wakubwa, lakini chombo kipya hakijajengwa. Mtu mwingine angesema watamrudia. Ilikuwa neno moja tu. Mie nikamwambia, "Sijui. Bado hatujafika hapo."

Akaniangalia. Akasema, "Basi usiruke."

Akataka maji, mkewe akampa kwa kijiko. Akatamka shahada, tulimsikia. Akafa.

Jambo hilo linanikereketa mpaka sasa. Njiani tunampeleka, Bi Mwajuma kakaa ubavuni kwa maiti, nikamwambia, "Ningesema ndio." Akanijibu bila kunitazama, "Angejua unadanganya. Angekufa amekukasirikia. Kaa kimya."

Mchinga niliingia kaburini na wanawe wawili, tukampokea. Jina lake likatajwa na la mama yake. Mtu mrefu, mwanandani ilibidi uongezwe, wanawe hawakumpima vizuri. Yeye angewasema.

Alhamisi nikarudi wodini Lindi kuchukua ndoo na mkeka wa Bi Mwajuma. Kitanda cha Bakari kina mtu mwingine tayari. Wakanipa pole. Nikakunja mkeka. Mkwezi akakohoa.

"Na sisi?"

"Nyie nini?"

"Walimrudia au hawakumrudia?"

Kitabu nilikuwa nacho ndani ya shati. Sitaki kukuficha, nilikuwa nimeamua nikitie baharini. Niliona kusoma bila yeye ni kama kumla mtu haki yake. Nikasimama pale. Nesi akaja na kiti, akakiweka katikati ya vitanda, akaenda kusimama dirishani. Yule mgonjwa mpya akauliza kuna nini, mkwezi akamwambia nyamaza utasikia.

Nikakaa. Nikasoma zote zilizobaki, koo likakauka, nesi akanipa maji nikaendelea. Sikuruka hata neno.

Walimrudia, dada. Baada ya miaka mingi. Profesa keshazeeka, binti keshakuwa mama mtu mzima. Wakaona moshi kutoka juu, wakateremka. Mtia makaa kasimama pale, ndevu nyeupe mpaka kifuani. Profesa akashuka analia, ana hotuba kaiandaa, anataka kumwomba radhi. Mtia makaa hakumsikiliza. Akapita, akachungulia ndani ya chombo. Akauliza, nani anatia makaa humu? Wakamwonyesha bwana mdogo mmoja, mikono laini. Akautazama moto. Akasema, mbona mmeuacha umelegea hivi? Akaingia, akalichukua beleshi. Hapo kimekwisha.

Mkwezi alicheka kashika mguu unamuuma. Wakacheka wote. Nami nilicheka, lakini kicheko changu hakikufika mwisho. Nesi akaniacha nikae mpaka nikawa sawa.

Jioni lori lilipopita Mchinga nikashuka kurudisha ndoo na mkeka. Bi Mwajuma yuko eda, haonani na wanaume wa nje. Nikasimama nyuma ya pazia la mlango, nikasema, "Mama, nimeleta vitu." Akasema viweke. Nikaweka.

Nikasema, "Walimrudia."

Nikasikia wanawake waliokuwa ndani wameacha kuongea.

"Iliwachukua muda?"

"Miaka mingi."

"Lakini walirudi."

"Walirudi."

"Haya, baba. Nenda salama."

Kitabu nikakiacha pale juu ya mkeka. Mwanawe mkubwa anajua kusoma, kaahidi kumsomea siku za eda. Nimemwambia asisome haraka.

Najua utanuna kwamba nimefika Lindi na Milola sijafika. Ruhusa ilikuwa mpaka Ijumaa tu, na Ijumaa yenyewe imekwisha niko kambini naandika hii. Bi Fatu amepika hitma ya Bakari, safari hii mwalimu hakuuliza sana. Chumba kimekuwa kikubwa. Msimamizi anataka kuniletea mtu, nimemwambia angoje kidogo.

Idi nitakuja nikae. Mpe shikamoo mama mkwe, mwambie kaburi la Zuhura asihangaike nalo, nitakuja kulipalilia mwenyewe. Nisalimie mjomba wetu wa mbuzi, na shemeji fundi baiskeli, na kaka yetu mkubwa kama ameacha kukukasirikia. Kama hajaacha, usimsalimie.

Wewe dada kula vizuri. Usipande tena kwenye ile ngazi ya dari. Nakukumbuka sana, hilo sikuwahi kukuandikia, nimeona nikuandikie.

Mdogo wako,
Hamisi

Kesho narudi bwawani.